Mutafsiri wa Yeruzalemu: Tusome namna gani Kitabu cha Safari cha Egeria?



Kuna vitabu vya zamani vinavyosifiwa sana katika shule, lakini ni wachache waliovisoma toka mwanzo hata mwisho. Kitabu cha safari cha Egeria ni kimoja chao. Kila museminari amesikia jina hilo katika somo la liturujia. Mwalimu ataja maandamano ya siku ya Matawi, ataja heshima ya Musalaba siku ya Ijumaa Kuu, aongeza kwamba desturi hizo zaonekana katika Egeria, kisha apita. Ndivyo kitabu kimekuwa kwetu kama sanduku: twafungua, twachukua desturi moja ya kale, twafunga tena. Sisi twaona kwamba mutu asomaye namna hiyo akosa jambo lililo kubwa kuliko yote humo. Katika kurasa hizi twapenda kupima kitabu chenyewe: uzuri wake, upungufu wake, na fundisho lake kwa watu waliopewa kazi ya kupeleka neno la Mungu toka luga moja hata luga nyingine.

I. Kitabu na bahati yake

Katika mwaka 1884 musomi mumoja wa Italia, Gian Francesco Gamurrini, alikuta katika maktaba ya muji wa Arezzo kitabu cha ngozi kilichoandikwa kwa mukono katika karne ya 11 kule Monte Cassino. Ndani yake, pamoja na maandiko ya Mutakatifu Hilari wa Poitiers, kulikuwa habari ya safari ya mwanamuke mumoja katika nchi takatifu. Mwanzo wake umepotea, mwisho wake umepotea, na jina la mwandishi halikuonekana. Gamurrini alikitoa kwa chapa katika mwaka 1887, akazani kwamba mwandishi ni Silvia wa Akwitania.

Ndipo katika mwaka 1903 Mubenedikto mumoja, Dom Férotin, alishika barua ya Valerius, mutawa wa karne ya 7 wa nchi ya Bierzo katika Hispania. Valerius aliwaandikia ndugu zake kuwasifia mwanamuke mutakatifu aliyetoka pwani ya mwisho ya magaribi akaenda hata Sinai na Yeruzalemu. Na safari anazozitaja zalingana na zile za kitabu cha Arezzo. Jina la mwanamuke huyo ni Egeria. Kisha, katika mwaka 1967, Paul Devos alionyesha kwa hoja nzuri kwamba Egeria alikuwa katika nchi za Mashariki kati ya mwaka 381 na mwaka 384.

Basi hatuna mbele yetu kitabu cha mwanateolojia ao cha askofu. Tuna barua ndefu ya mwanamuke Mukristu aliyewaandikia dada zake wa imani waliobaki nyumbani. Wataalamu wabishana kama alikuwa mutawa wa kweli ao mwanamuke tajiri mwenye kumucha Mungu. Jambo hilo halitasumbua masomo yetu. Kitabu kina sehemu mbili. Katika ya kwanza Egeria asimulia njia zake: mulima Sinai, nchi ya Gosheni, mulima Nebo, kaburi la Yobu, Edesa, Harani, kaburi la Mutakatifu Tekla karibu na Selukia, mpaka Konstantinopoli. Katika ya pili aeleza sala na sikukuu za Kanisa la Yeruzalemu, siku kwa siku na saa kwa saa, mpaka sikukuu ya Kutabaruku makanisa. Hapo maandiko yakatika.

II. Jicho na sikio

Wasomi wa kwanza waliomusoma walimucheka kidogo kwa ajili ya Kilatini chake. Ni kweli, si Kilatini cha Cicero. Ni luga ya watu, yenye kurudia maneno yale yale, yenye kusema tena mara tatu jambo ambalo mwandishi wa shule angelisema mara moja. Musomaji asiye na uvumilivu atachoka. Lakini sisi, tuliolelewa na wazee wenye kusimulia, tusiwe wepesi kucheka. Muzee akirudia neno, si kwa sababu amesahau kwamba alikwisha kulisema. Alirudia kwa sababu ndilo neno ambalo hataki ulisahau. Tutaona chini ni neno gani Egeria alirudia kupita yote.

Uzuri wake wa kwanza ni ukweli wa jicho lake. Tutoe mufano mumoja. Karibu na Bahari ya Chumvi wahuji waliambiwa habari ya muke wa Loti aliyegeuka nguzo ya chumvi. Msafiri mwingine angeliandika kwamba aliiona nguzo, kusudi dada zake wastaajabu. Egeria aandika wazi kwamba hakuona nguzo yoyote. Walionyeshwa mahali tu, na askofu wa Segori aliwaambia kwamba nguzo haionekani tena tangu miaka kadhaa. Mutu anayekubali kuwakatia dada zake tamaa namna hiyo, yafaa tumuamini anapotuambia kwamba katika Yeruzalemu walisoma hiki, waliimba kile.

Lakini sikio lake si sawa na jicho lake. Kule Edesa alisimuliwa habari ya mufalme Abgari na barua aliyoandikiwa na Bwana wetu Yezu Kristu. Egeria alipokea nakala za barua hizo toka mukono wa askofu wa muji, akafurahi kwamba nakala ya Edesa ilikuwa ndefu kuliko ile aliyokuwa nayo nyumbani. Hakuuliza kitu. Kanisa halikuhesabu barua hiyo kati ya maandiko ya kweli. Orodha ya vitabu iitwayo ya Gelasi, ya karne ya 6, imeiweka kati ya maandiko yasiyopokelewa. Vilevile, kila mahali alipoonyeshwa kaburi la mutu wa Agano la Kale, aliamini bila kupima.

Kwa hiyo tushike sheria hii: alichoona kwa macho yake, tukipokee, alichosikia toka kwa watu wa kumwongoza, tukipime. Museminari anayechanganya hivyo viwili atamufanya Egeria kuwa shahidi wa mambo ambayo yeye mwenyewe hakuyashuhudia.

III. Mambo ambayo hakusema

Kuna upungufu mwingine unaotushangaza zaidi. Katika mwaka 381, mwaka ule ule wa mwanzo wa safari yake, maaskofu walikutana katika Konstantinopoli kwa Mutaguso Mukuu wa pili, na humo walitetea umungu wa Roho Mutakatifu. Kanisa lilikuwa limetoka katika vita virefu na Waario. Mutakatifu Sirilo, askofu wa Yeruzalemu mpaka kufa kwake karibu na mwaka 386, alikuwa amefukuzwa mara tatu katika kiti chake. Ni yeye, bila shaka, ambaye Egeria alimuona akifundisha na kubariki. Hata hivyo, kitabu hakimutaji kwa jina hata mara moja. Kinasema tu: askofu. Juu ya Ario na wafuasi wake, kimya kabisa.

Tusiseme haraka kwamba hakujua kitu. Anapofika Edesa na Harani, awaita maaskofu wa kule waungama-dini, maana yake watu walioteswa kwa ajili ya imani. Neno hilo moja latosha kuonyesha kwamba alijua. Lakini ni kweli vilevile kwamba mutu atakayetaka kujifunza mafundisho ya imani ya karne ya 4 asianze na Egeria. Amusome Atanasi, amusome Basili. Egeria atamwonyesha jambo ambalo hao hawasemi sana: namna imani ile ilivyoingia katika miguu, katika machozi na katika midomo ya watu wa kawaida.

Pia tusimulazimishe Egeria akubaliane na kila shahidi mwingine. Tuna katekesi 18 za Mutakatifu Sirilo, zilizotolewa karibu na mwaka 350 kwa wenye kujitayarisha kwa ubatizo, na mpango wake mukubwa ni maneno ya Nasadiki. Egeria, miaka 30 na zaidi baadaye, asema kwamba askofu alipitisha Maandiko Matakatifu yote kuanzia kitabu cha Mwanzo, akaeleza kwanza maana ya maneno, kisha maana ya kiroho, na Nasadiki ikaja baada ya juma tano. Wengine hutafuta njia ya kuunganisha habari hizo mbili kwa nguvu. Sisi twaona ni heri kukubali kwamba desturi yaweza kubadilika katika miaka 30, na kwamba mugeni mwenye kusikiliza huenda alishika jambo lililomugusa kuliko mpango wote wa mwalimu. Kupenda shahidi wa kale si kumufanya asiweze kukosea.

Kwa upande mwingine kuna jambo ambalo ametoka mushindi. Tuna kitabu cha masomo cha Yeruzalemu cha mwanzo wa karne ya 5, kilichobaki kwa Kiarmenia na kutolewa kwa chapa nzuri na Athanase Renoux katika miaka ya 1969 hata 1971. Kitabu hicho chataja, kwa kila sikukuu, mahali pa kukusanyika, somo na zaburi. Ukikiweka kando ya Egeria, utaona kwamba mwanamuke huyo wa magaribi, asiye na cheo cha padri, alitazama vizuri.

IV. Neno, siku na mahali

Sasa tufike kwenye neno analorudia. Karibu kila mara anapoeleza sala ya Yeruzalemu, Egeria asema kwamba zaburi, nyimbo na masomo vililingana na siku na mahali. Kwake hilo lilikuwa ajabu kupita zahabu na mawe ya samani ya makanisa ya Kaisari Konstantini. Alirudia hilo mara nyingi sana, na hapo ndipo wasomi walipochoka. Sisi twaona ndio ufunguo wa kitabu.

Tazama yaliyotendeka. Siku ya Mungu, jogoo akiwika, watu wamejaa mbele ya kanisa la Ufufuko, yaani Anastasi. Askofu anaingia ndani ya pango la kaburi, ubani unajaza nyumba, naye mwenyewe anasoma Evangeli ya ufufuko pale pale Bwana alipofufuka. Watu wote walia. Siku ya Matawi, saa kumi na moja, watu wako juu ya mulima wa Mizeituni; yasomwa Evangeli ya watoto waliompokea Bwana kwa matawi; kisha wote washuka kwa miguu, hata wakubwa na mabibi wenye cheo, na watoto wasioweza kutembea wachukuliwa juu ya mabega ya wazazi, kila mumoja na tawi lake la mutende ao la muzeituni. Waenda polepole, kusudi watu wasichoke. Usiku wa Alhamisi, katika Getsemani, mishumaa zaidi ya 200 yawaka. Yasomwa habari ya kukamatwa kwa Bwana, na kilio chasikika karibu mpaka mujini.

Tupumzike kidogo juu ya saa hizo. Watafsiri wa Ulaya hulazimika kuandika maelezo, kwa sababu Egeria ahesabu saa toka mapambazuko. Sisi tunaohesabu kwa Kiswahili hatuhitaji maelezo hayo. Saa yake ya tatu ndiyo saa tatu yetu ya asubui, na saa yake ya tisa, saa aliyokufa Bwana, ndiyo saa tisa yetu. Ni jambo dogo, lakini latukumbusha kwamba kitabu hiki si mali ya Wazungu peke yao.

Siku ya Ijumaa Kuu, toka saa mbili hata saa sita, watu wapita mumoja mumoja kuugusa Muti mutakatifu kwa paji la uso na kwa macho, kisha kuubusu. Mashemasi walinda kwa makini. Egeria aeleza sababu bila haya: yasemekana mutu mumoja siku fulani alipobusu aliuma kipande cha Muti, akakiiba. Toka saa sita hata saa tisa yasomwa manabii, Mitume na Evangeli juu ya mateso, na kila somo lafuatwa na zaburi na sala, mpaka watu wote watambue kwamba yaliyotabiriwa yametimizwa. Hapa uzuri wa desturi haukufichwa ndani yake yenyewe. Muti waheshimiwa asubui; mchana kutwa yasomwa Maandiko yenye kueleza kwa nini waheshimiwa. Anayechukua kutoka Egeria ibada ya asubui tu, akaacha masomo ya mchana, ameiba kipande cha Muti kama yule mutu.

Hapa yatupasa kumusikiliza mupinzani mukubwa. Karibu na miaka ile ile Mutakatifu Gregori wa Nisa alifika Yeruzalemu, akarudi na moyo muzito. Katika barua yake juu ya wenye kwenda hija aeleza kwamba kubadili mahali hakumuleti Mungu karibu na mutu. Kwamba njia ina hatari nyingi, zaidi kwa wanawake. Na kwamba kama neema ingelizidi katika Yeruzalemu, zambi zisingelijaa kule kama alivyoziona. Ni maneno makali ya mutu aliyeona. Egeria hakuona zambi hizo, ao hakutaka kuziandika. Katika jambo hilo twamupa Gregori haki: picha ya Egeria ni safi mno. Katika muji wake hakuna mugomvi, hakuna mwizi isipokuwa yule wa Muti mutakatifu, hakuna padri muvivu.

Lakini je, maneno ya Gregori yavunja kitabu chake? Hapana. Egeria mwenyewe atuambia desturi aliyoishika kila alipofika mahali patakatifu: kwanza sala, kisha kusoma toka Biblia habari ya mahali pale, kisha zaburi moja inayolingana, kisha sala tena. Ukitazama vizuri, utaona kwamba katika mambo hayo manne, jiwe ao kisima kilikuwa sababu tu ya kufungua Kitabu. Na ndiyo sababu desturi za Yeruzalemu ziliweza kutoka Yeruzalemu. Zilikwenda Armenia na Georgia, zilikwenda Konstantinopoli, zilikwenda Roma na nchi zote za magaribi. Mulima wa Mizeituni haukwenda pamoja nazo. Lililokwenda ni neno la Mungu lililowekwa katika siku yake na kutendwa na watu wote. Gregori asema kwamba Mungu haketi katika Yeruzalemu peke yake; kitabu cha Egeria, ukikisoma vizuri, chasema vilevile.

V. Padri asiye na jina

Tumefika kwenye ukurasa ambao kwa sisi ni wa kwanza kwa uzito, ingawa mwandishi ameuweka karibu na mwisho. Egeria aeleza kwamba katika nchi ile watu wengine walijua Kigiriki na Kisiria, wengine Kigiriki tu, wengine Kisiria tu. Askofu, ingawa alijua Kisiria, alisema sikuzote kwa Kigiriki. Kwa hiyo padri mumoja alisimama kando yake sikuzote akigeuza maneno yake kwa Kisiria, kusudi wote wasikie. Masomo ya kanisani vilevile yalisomwa kwa Kigiriki, na mutu mumoja alikuwa pale kuyatafsiri, kusudi watu wajifunze. Na Walatini wageni, wasiojua Kigiriki wala Kisiria, hawakuachwa kwa huzuni: ndugu na dada waliojua Kigiriki na Kilatini waliwaeleza.

Tuwaze juu ya kazi hiyo. Katekesi ya Kwarezima ilichukua saa tatu kila siku, toka mapambazuko hata saa tatu. Padri yule alitafsiri kitabu cha Mwanzo, akatafsiri Torati, akatafsiri ufufuko na Nasadiki. Hatujui jina lake. Hakuna katekesi hata moja yenye jina lake katika maktaba zetu. Hata hivyo, mutu wa Yudea aliyejua Kisiria tu alimusikia Sirilo katika mudomo wa padri huyo. Kama padri huyo alikosea, musikilizaji alikosea pamoja naye. Kama alifupisha, imani ya musikilizaji ilifupishwa.

Kazi hiyo ilikuwa ya zamani katika nchi ile. Eusebi wa Kaisarea, anapoandika juu ya mashahidi wa Palestina, amutaja Prokopi wa Skitopoli, aliyekuwa musomaji wa kanisa, mutafsiri wa Kigiriki kwa Kisiria, na mwenye kazi ya kufukuza pepo. Alikatwa kichwa kule Kaisarea katika mwaka 303, wa kwanza kati ya mashahidi wa nchi ile katika mateso makubwa. Basi mutafsiri alisimama mbele ya hakimu kabla ya maaskofu wengi. Yafaa makatekista wetu walijue jina hilo.

Lakini tusisifu tu; kazi yetu hapa ni kupima. Kwa nini askofu aliyejua Kisiria hakusema Kisiria? Egeria haulizi. Apokea jambo kama lilivyo. Yawezekana kwamba Kigiriki kilikuwa luga ya wahuji wote na ya sheria ya liturujia. Lakini mukulima wa Yudea alisikia nini moyoni, alipoona kwamba muchungaji wake aweza kumwambia neno kwa luga ya mama yake, naye hamwambii? Hapa Kanisa takatifu la Yeruzalemu lenyewe lastahili kuulizwa. Kutafsiri ni dawa nzuri, lakini dawa haikupashwa kuwa chakula cha kila siku milele.

Historia yenyewe ilijibu. Katika karne zilizofuata Wakristu wa Palestina walipata Maandiko na vitabu vya masomo katika luga yao ya Kiaramu. Na katika monasteri ya Mutakatifu Teodosi, aliyekufa katika mwaka 529, watawa wa luga mbalimbali walikuwa na makanisa yao: Wagiriki, Wabesi na Waarmenia walisali na kusikia masomo kila kundi kwa luga yake, kisha, kwa Mafumbo matakatifu, wote walikusanyika pamoja katika kanisa la Wagiriki. Neno kwa luga ya kila mutu, altare moja kwa wote. Egeria hakuona mupango huo, kwa sababu haukuwako bado. Lakini kitabu chake chatuonyesha njaa ambayo mupango huo ulikuja kuishibisha.

VI. Neno kwa makatekista na waseminari

Tungeweza kumaliza hapa, lakini gazeti letu halisomwi na wataalamu tu. Mutaguso wa Vatikano wa Pili, katika mwaka 1963, ulifungua mulango wa luga za watu katika liturujia. Na katika mwaka 1972 Roma ilitoa kitabu cha kuwaingiza watu wazima katika Ukristu, chenye hatua zinazofanana na zile ambazo Egeria aliziona: kuandikwa majina, kuchunguzwa, kupewa Nasadiki, na mafundisho ya mafumbo baada ya ubatizo. Katika Kongo yetu majimbo yalipata Misale yao yenye kukubaliwa na Roma katika mwaka 1988. Kwa hiyo twaweza kuzani kwamba swali la mutafsiri limekwisha.

Halikwisha. Wengi wetu tumeona padri akihubiri kwa luga moja na katekista kando yake akigeuza kwa luga ya kijiji. Na tumesikia, tukisema kweli, maneno kumi yakigeuka kuwa mawili, fumbo la Utatu likigeuka kuwa onyo juu ya pombe. Mara nyingine kosa ni la katekista asiyejitayarisha. Mara nyingi zaidi kosa ni letu, tuliomuita kando ya altare bila kumuonyesha siku iliyotangulia somo tutakaloeleza. Padri wa Yeruzalemu alisimama pale sikuzote, asema Egeria; hakuitwa mara moja kwa bahati.

Tutaje pia jambo la pili. Siku ya kuandika majina, askofu wa Yeruzalemu aliketi, akawauliza majirani wa kila mutu: Mutu huyu anaishi vizuri? Anaheshimu wazazi wake? Si mulevi? Si mwongo? Aliyeonekana na kosa alitolewa nje, aagizwe kwanza kujitengeneza. Na mugeni asiye na watu wenye kumushuhudia hakupokelewa kwa urahisi. Mapadri Weupe waliofika katika nchi za Maziwa Makubwa waliweka, kwa agizo la Kardinali Lavigerie, miaka minne ya kujitayarisha kwa ubatizo. Nao walijua vizuri kwamba wafuata Kanisa la kale. Leo, pahali pengi, mutihani ni wa maneno ya katekismu tu. Egeria atukumbusha kwamba mutihani wa kwanza ulipitia kwa jirani, mutu anayejua kama mukatekumeni amelipa deni lake na kama anamupiga muke wake.

Basi hukumu yetu ni hii. Kitabu cha Egeria hakifai kutumiwa kama orodha ya sherehe za kuiga. Mwandishi wake aliamini masimulizi kwa urahisi, alinyamaza juu ya mabishano makubwa ya wakati wake, na aliuona muji mutakatifu bila zambi zake. Lakini alisema kweli juu ya aliyoyaona, na alitambua jambo ambalo wasomi wengi wamelipita: kwamba sala ya Kanisa ni nzuri wakati neno, siku na mahali vinapokubaliana, na wakati mutu wa mwisho katika kanisa, yule asiyejua luga ya askofu, amesikia. Kwa ajili ya hilo tunawaomba waseminari wasome kitabu chote, si kurasa mbili za mutihani. Tena tunawaomba mapadri wamusomee katekista wao ukurasa ule wa mutafsiri, jioni moja, kabla ya kutayarisha naye somo la siku ya Mungu.

Mungu amujalie pumziko padri yule wa Yeruzalemu ambaye jina lake linajulikana mbinguni, na atupatie wengi wa kazi yake.